Chati Inapokataa Takwimu: Namna Programu za Kuchora Zinavyojifunza Kupokea Data za Kila Aina

Katika vikao vya umma kuhusu bajeti, kitu cha kwanza ambacho mkaazi hukiona mara nyingi si jedwali la kurasa nyingi, bali ni chati moja iliyobandikwa ukutani au kuonyeshwa kwa projekta. Ni nguzo chache za rangi au mstari unaopanda na kushuka. Kwa kuitazama chati hiyo, wakaazi hutoa kauli zao: zahanati hii iongezewe dawa, barabara ile isubiri mwaka ujao, soko lijengewe choo kwanza. Chati ikiwa sahihi, mjadala husimama juu ya msingi imara. Ikiwa na kasoro, kikao kizima hujadili jambo ambalo halikutokea.

Wengi hudhani kasoro za chati hutokana na makosa ya kujumlisha au udanganyifu. Ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana: namna programu ya kuchora chati inavyopokea takwimu. Programu hukataa data nzuri kwa sababu zimefungashwa kwa namna isiyoijua, na wakati mwingine hukubali data zilizofungashwa vibaya na kuchora mchoro wa kupendeza usio wa kweli. Makala haya yanaeleza tatizo hilo linatoka wapi, watengenezaji wa programu wamelitatua vipi, na mambo ambayo maafisa na wakaazi wanapaswa kuyaangalia.

Safari ya takwimu hadi ukutani

Takwimu za kaunti huanzia mbali na kompyuta. Katika zahanati, muuguzi huandika kila mgonjwa katika daftari. Mwisho wa mwezi, idadi hukusanywa katika fomu kama MOH 705A ya watoto walio chini ya miaka mitano, na MOH 705B ya walio na miaka mitano na zaidi. Kisha huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao Kenya ilianza kuutumia kote nchini mwaka 2011. Upande wa mapato, kuna risiti za soko, ada za maegesho na leseni za biashara, ambazo hujumlishwa na kuwekwa katika jedwali la Excel.

Afisa wa takwimu anapotaka kuchora chati, huzitoa data hizo kwenye mifumo hiyo na kuzipeleka katika programu ya kuchora. Programu nyingi za aina hii hutegemea kile ambacho wataalamu hukiita maktaba: mkusanyiko wa maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa, ili mtu asianze kila mara kuieleza mashine namna ya kuchora mhimili, nguzo au duara. Mbili kati ya zinazojulikana sana ni Matplotlib, inayotumiwa na lugha ya Python, na D3, inayotumiwa na lugha ya JavaScript kuchora chati katika kurasa za mtandao. Zote mbili hupatikana bila malipo.

Hapo kati ya jedwali na maktaba ndipo panapotokea mkwamo. Jedwali linasema "hizi hapa nambari", na maktaba inajibu "hizi si za aina ninayoijua".

Mahindi ni yale yale, vyombo ni vingi

Ili kulielewa jambo hili, fikiria kinu cha kusaga unga. Mkulima mmoja huleta mahindi kwa gunia, mwingine kwa debe, mwingine kwa gorogoro. Mahindi ni yale yale. Lakini ikiwa mwenye kinu ameamua kwamba anapokea gunia pekee, aliyekuja na debe itabidi atafute gunia kwanza, ahamishe mahindi yake, ndipo asagiwe. Kazi hiyo haimwongezei unga. Humpotezea muda tu, na katika kuhamisha baadhi ya punje humwagika.

Katika kompyuta, takwimu zinazofuatana, kwa mfano mapato ya miezi 12, huitwa mfuatano. Mfuatano huo huweza kuwekwa katika vyombo vingi:

- Orodha ya kawaida, inayoweza kuongezwa, kupunguzwa au kubadilishwa wakati wowote.
- Orodha iliyofungwa, ambayo ikishaundwa haibadiliki.
- Safu ya nambari, ambayo huhifadhi nambari za aina moja zikiwa zimebanana ili hesabu ifanyike kwa kasi. Katika Python kazi hii hufanywa na maktaba ya NumPy.
- Safu wima ya jedwali, kama zile za maktaba za pandas na Polars. Ile ya pandas hubeba pia kitambulisho cha kila mstari.
- Seti, ambayo hairuhusu kitu kimoja kurudiwa mara mbili.
- Kamusi, ambayo huunganisha jina na thamani, kwa mfano jina la wadi na idadi ya visima vyake.
- Mfuatano wa papo kwa papo, ambao hauhifadhiwi popote. Kila nambari huzalishwa pale tu inapoombwa, ikatumika, ikapita.

Maktaba inayojua chombo kimoja tu humlazimu afisa kuhamisha data kila mara. Zile punje zinazomwagika hapa ni mstari uliosahauliwa, mwezi ulionakiliwa mara mbili, au nambari iliyobandikwa kwenye wadi isiyo yake.

Kuuliza jina au kuangalia uwezo

Kuna njia mbili ambazo maktaba huweza kutumia kuamua kama itapokea data. Ya kwanza ni kuuliza jina: "Je, wewe ni orodha?" Jibu likiwa hapana, mlango unafungwa. Njia hii ni rahisi kuiandika, lakini ni sawa na kumzuia mgeni mlangoni kwa sababu hakuvaa sare fulani, ingawa ana shughuli halali.

Njia ya pili ni kuangalia uwezo: "Je, unaweza kuhesabika? Unaweza kupitiwa kimoja baada ya kingine?" Kitu chochote chenye uwezo huo hupokelewa, kiwe na jina lolote. Maktaba kubwa zimekuwa zikielekea huku kwa miaka mingi.

Mfano mzuri ulitokea katika lugha ya Python yenyewe. Katika toleo la 2, mtu alipoomba thamani zote zilizomo katika kamusi, alipewa orodha. Toleo la 3 lilipotoka Desemba 2008, ombi hilo hilo lilianza kurudisha kitu kingine: dirisha la kutazamia thamani hizo ndani ya kamusi. Dirisha hilo huhesabika na hupitiwa kama orodha, lakini si orodha, na huwezi kuliambia likupe "thamani ya tatu". Programu zilizokuwa zikifanya kazi bila tatizo zikaanza kukataa data ambazo hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Ndiyo maana leo Matplotlib ina kipande kidogo cha maagizo ambacho kazi yake ni kulitambua dirisha la namna hiyo na kuligeuza kuwa orodha kabla ya kuchora. Mtumiaji haoni kazi hiyo ikifanyika. Anachoona ni chati yake.

D3 nayo ilipiga hatua kama hiyo katika toleo lake la 6 la mwaka 2020. Kabla ya hapo, aliyekuwa na data katika seti alilazimika kuihamishia kwanza katika orodha. Kuanzia toleo hilo, D3 hupokea chochote kinachoweza kupitiwa kimoja baada ya kingine.

Mlango unazidi kupanuka. Toleo la 6 la maktaba ya Plotly, lililotoka mwaka 2025, hupokea jedwali la Polars bila kulihamishia kwanza katika pandas. Kwa jedwali dogo tofauti haionekani. Kwa jedwali lenye mistari milioni kadhaa, kuhamisha humaanisha kuwa na nakala mbili za data ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta za kawaida za ofisini huweza kushindwa na mzigo huo.

Aliyeanza na mawimbi ya ubongo

Historia ya Matplotlib inaonyesha kwa nini jambo hili ni la maana kwa watu wasio wataalamu wa kompyuta. Aliyeianzisha, Mmarekani John Hunter, alikuwa mtafiti wa ubongo na mfumo wa neva. Alihitaji kuona kwa macho mawimbi ya umeme yaliyorekodiwa katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Alitengeneza chombo cha kumsaidia katika kazi yake, akakitoa kwa umma mwaka 2003. Alifariki mwaka 2012, lakini maktaba yake iliendelea kukuzwa na watu wa kujitolea kutoka sehemu nyingi za dunia.

Chombo kilichotengenezwa kwa mawimbi ya ubongo sasa huchora bei za mazao, kiasi cha mvua na idadi ya wanafunzi. Kila kundi jipya la watumiaji lilikuja na vyombo vyake vya data, na kila mara ilibidi waitunzao waamue: tukipokee chombo hiki, au tukikatae? Uamuzi huo si mwepesi, kwa maana kila kinachopokelewa huja na mitego yake.

Mlango mpana unahitaji bawabu

Kupokea aina nyingi za mfuatano hakumaanishi kupokea kila kitu bila kuuliza. Hii hapa mitego minne ambayo mtunzaji wa maktaba, na afisa anayeitumia, hukutana nayo.

*Kitambulisho si nafasi.* Katika pandas, kila mstari una kitambulisho chake, na mstari ukiondolewa, mingine hubaki na vitambulisho vyake vya awali. Tuseme afisa amechagua mistari ya kaunti ndogo moja pekee, na mstari wa kwanza aliobaki nao una kitambulisho 14. Programu ikiomba "nambari 0", ikidhani ndiyo ya kwanza, haitapata kitu. Ni kama wagonjwa walio kwenye foleni wakiwa na tiketi 14, 17 na 22. Muuguzi akiita tiketi 0, hakuna atakayesimama, ingawa wa kwanza yuko mbele yake. Mabaya zaidi hutokea jedwali linapopangwa upya. Tiketi 0 ipo, lakini mwenye nayo yuko katikati ya foleni. Programu humchukua huyo kama wa kwanza, na hakuna onyo lolote.

*Seti hula zinazofanana.* Ikiwa wadi mbili zimechimba visima 12 kila moja, seti ya idadi hizo itahifadhi 12 mara moja tu. Wadi 15 zitabaki na nambari 14, na mtu hawezi kujua ni ipi iliyopotea. Katika Python, seti pia haiahidi kutunza mpangilio, hivyo nambari ya Januari huweza kutokea baada ya ile ya Mei. Ukiipa Matplotlib seti ili ichore mstari, hukataa. Kukataa huko ni kwa heri.

*Mfuatano wa papo kwa papo hupita mara moja.* Maktaba nyingi huzisoma data zaidi ya mara moja: kwanza kutafuta nambari kubwa kabisa ili kupanga urefu wa mhimili, kisha kuchora. Mfuatano wa papo kwa papo ukishasomwa mara ya kwanza umekwisha. Ni sawa na mtu aliyemimina maziwa yote kutoka mtungini ili ayapime, kisha akarudi kwenye mtungi ule ule kujaza kikombe. Matokeo yake ni mhimili uliopangwa vizuri na chati tupu. Maktaba iliyoandikwa kwa uangalifu huzinakili nambari zote kwanza mahali pamoja, ndipo ianze kazi.

*Pengo si sifuri.* Zahanati ambayo haikuleta ripoti ya mwezi si sawa na zahanati isiyopata mgonjwa. Ikiambiwa kwamba nambari fulani haipo, Matplotlib huukata mstari mahali hapo na kuacha nafasi wazi. Ikipewa sifuri, huuteremsha mstari hadi chini kabisa, na mtazamaji akadhani ugonjwa ulitoweka. Kosa hutokea hata kinyume chake: kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri isipokuwa kipengele hicho kimewekwa hivyo, na kwa sababu hiyo sifuri ya kweli huweza kuonekana kama ripoti iliyokosekana. Hapo hakuna programu itakayojua tofauti. Ni lazima mtu aulize zahanati.

Nambari zilizogeuka maneno

Mtego ulio hatari zaidi unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa huzaliwa na jambo jema. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2017, Matplotlib hupokea maneno kama data. Afisa akiipa majina ya wadi na idadi ya shule, hupata nguzo zenye majina ya wadi chini yake bila taabu. Maktaba huyapanga majina kwa jinsi yalivyokuja na kuyapa nafasi sawa: la kwanza, la pili, la tatu. Kwa majina ya wadi, huo ndio utaratibu unaofaa.

Tatizo huja pale nambari zinapoingia zikiwa zimevaa nguo za maneno. Ofisi nyingi huandika elfu kwa koma, kama 1,150. Mtu huielewa mara moja. Lakini programu ikisoma faili la maandishi bila kuambiwa kwamba koma hiyo ni alama ya elfu, huiona kama neno, kama vile "soko" au "barabara". Tena koma moja katika safu wima hutosha kuifanya safu wima nzima ichukuliwe kuwa maneno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati fulani imeandikisha visa vya malaria vya miezi sita hivi:

- Januari: 980
- Februari: 1,020
- Machi: 1,150
- Aprili: 2,480
- Mei: 2,310
- Juni: 1,300

Mtu akizisoma nambari hizi ataona habari iliyo wazi. Mvua ndefu zilipoingia, visa viliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya Machi na Aprili, vikabaki juu Mei, kisha vikashuka Juni. Swali la kujadili katika kikao ni kama vyandarua na dawa vilifika kabla ya Aprili.

Sasa nambari hizo hizo zikiingia kama maneno, Matplotlib haitalalamika. Itaona maneno sita tofauti na kuyapanga kwenye mhimili wa wima kwa jinsi yalivyokuja: 980 chini kabisa, juu yake 1,020, kisha 1,150, kisha 2,480, kisha 2,310, na 1,300 kileleni. Mstari utakaotokea utakuwa umenyooka kutoka chini kushoto hadi juu kulia. Kwa mtazamaji aliyeketi nyuma ya ukumbi, ujumbe ni mmoja: malaria inapanda hatua kwa hatua kila mwezi, na Juni ndio mwezi mbaya zaidi. Ongezeko la ghafla la Aprili limefichika, na nafuu ya Juni imegeuzwa kuwa janga. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyejumlisha vibaya.

D3 nayo ina mtego wa jamii hiyo. Ukiiomba itafute iliyo kubwa kati ya "20" na "3" zikiwa ni maneno, itajibu "3". Inalinganisha kwa utaratibu wa herufi, kama majina yanavyopangwa katika rejista ya shule, na 3 huja baada ya 2. Mhimili ukipangwa kwa kutumia jibu hilo, nguzo ya 20 hutoka nje ya chati.

Tarehe pia huweza kubadilika njiani. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku. Tarehe 1 Julai 2024, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa 2024/2025, kwa Excel ni 45474. Mtu akiihamisha nambari hiyo tupu na kuiambia Matplotlib kwamba ni tarehe, chati itaonyesha Julai ya mwaka 2094, kwa sababu matoleo ya Matplotlib ya tangu mwaka 2020 huhesabu siku kuanzia mwaka 1970. Kosa hili angalau hujitangaza lenyewe.

Heri kujikwaa kidole

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Programu inayokataa data na kueleza sababu imemkwaza afisa kidole: atapoteza dakika chache, atarekebisha, ataendelea. Programu inayokubali kimya kimya na kuchora kisicho kweli imemkwaza ulimi mbele ya umma, na neno likishatoka halirudi.

Kwa hiyo watengenezaji wa maktaba nzuri hufuata kanuni tatu. Kwanza, hupokea vyombo vingi mlangoni, lakini hugeuza vyote kuwa chombo kimoja mara moja tu, papo hapo mlangoni, ili sehemu za ndani zisihitaji kuuliza tena. Pili, hupokea pale tu maana ikiwa moja. Orodha na safu ya nambari zina maana moja. Seti, yenye mpangilio usiojulikana, haina. Tatu, hukataa kwa lugha inayoeleweka. Ujumbe unaosema "nilitarajia nambari 15, nimepata 14" humsaidia mtu kuliko ule unaosema tu "kosa".

Mambo ya kuangalia

Kwa afisa anayetayarisha chati:

- Kabla ya kuchora, iulize programu kila safu wima ni ya aina gani. Safu wima ya fedha au idadi ikionekana kama maandishi, irekebishe kwanza. Pandas huweza kuelezwa tangu mwanzo, wakati wa kusoma faili, kwamba koma ni alama ya elfu.
- Hesabu mistari kabla na baada ya kila hatua. Zikiwa wadi 15 mwanzoni, ziwe 15 mwishoni.
- Usiweke sifuri mahali pa ripoti iliyokosekana. Acha pengo, na uandike chini ya chati kwamba ripoti haikufika.
- Linganisha nambari mbili au tatu za kwenye chati na zile za kwenye fomu ya awali, hasa iliyo kubwa kabisa na iliyo ndogo kabisa.
- Chapisha jedwali pamoja na chati.

Kwa mkaazi anayesoma chati katika kikao au kwenye ubao wa matangazo:

- Soma nambari za mhimili wa wima kutoka chini kwenda juu. Ni lazima zipande kwa mpangilio na kwa hatua zinazoeleweka, kwa mfano 0, 500, 1,000, 1,500. Ukiona 2,310 juu ya 2,480, chati hiyo ina kasoro.
- Utilie shaka mstari ulionyooka kabisa. Mvua, magonjwa na mapato ya soko havipandi kama ngazi.
- Hesabu nguzo. Kama wadi yako haimo, uliza iko wapi.
- Mstari ukishuka hadi sifuri mwezi mmoja kisha ukapanda tena, uliza kama ripoti ya mwezi huo ilifika.

Haki ya kuona jedwali

Maswali haya si ya kumvunjia mtu heshima. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushiriki wa umma katika kazi zake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka hazina ya kaunti kutayarisha na kuchapisha ripoti za kila robo ya mwaka wa fedha.

Mkaazi anayetaka jedwali lililo nyuma ya chati anaweza kuliomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na halitozwi ada, ingawa gharama ya kutoa nakala huweza kulipishwa kwa kiasi kinachofaa. Ofisi iliyoombwa inapaswa kujibu katika muda usiozidi siku 21, na katika muda wa saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Anayeomba jedwali aombe faili ambalo kompyuta inaweza kulisoma, si picha ya karatasi pekee. Kwa faili hilo, mwanafunzi wa chuo, kikundi cha vijana au mwalimu wa shule ya kijijini anaweza kuichora chati upya kwa maktaba zile zile zinazopatikana bure, kisha akaja nayo katika kikao kijacho. Chati mbili zikifanana, kikao kitakuwa na hakika na kile kinachojadiliwa. Zikitofautiana, kosa litakuwa limeonekana kabla fedha hazijatengwa.